Mlinzi wa Mlango Wazi

Kufuli lilikuwa zima. Hilo ndilo jambo la kwanza aliloliona Inspekta, na ndilo lililomkera, kwa sababu tangu walipotoka kituoni Sajini alikuwa akilitaja neno "kuvunja" kama mtu anayelipwa kila anapolitamka.

"Palipovunjwa ni wapi?" akauliza.

"Mlango umekutwa wazi, afande."

"Sikuuliza kama umekutwa wazi."

Sajini akaliinua kufuli, akaligeuza huku na huku, akalirudisha kwenye pete yake. "Basi hapajavunjwa."

"Sasa kwa nini tumeandika wizi wa kuvunja?"

Kituoni walimwita Inspekta Kwanini, nyuma ya mgongo wake. Alijua, na hakuwahi kukasirika, maana jina la utani likiwa la kweli, kulikasirikia ni kujichosha bure. Alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, mwenye viatu vya raba na mkoba mkubwa kama wa mtu anayekwenda sokoni. Tabia yake moja iliwatesa wote waliofanya kazi chini yake: hakuwa na haraka kabisa, mpaka pale haraka ilipohitajika kweli.

Wakaingia. Ilikuwa karakana ya ushonaji, chumba kirefu chenye mashine zilizopangwa mstari mmoja, meza kubwa ya kukatia vitambaa katikati, na kona ya kupigia pasi mwisho kabisa. Kila kitu kilichoweza kufunguliwa humo kilikuwa kimefunguliwa. Madirisha yote. Makabati yote. Watoto wa meza walikuwa wamevutwa nje hadi mwisho. Makopo ya vifungo yalipangwa juu ya rafu na vifuniko vyake pembeni. Majora ya vitambaa, ambayo hufungwa kamba kiunoni yasifumuke, yalikuwa yameachiwa, na kamba zake zimelala chini bila fundo hata moja.

Katikati ya mambo hayo alisimama mwenye karakana, mjane mfupi wa makamo ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi, kana kwamba hakuna fundi mwingine duniani. Futi ilimning'inia shingoni. Kwenye mkono wa kushoto alikuwa amevaa kimto chake cha kuchomekea pini, kimefungwa kwa utepe wa kitambaa cha mistari ya buluu, na fundo la utepe ule lilikuwa limekaza hadi likawa gumu kama kokwa.

"Wameiba nini, dada?" Inspekta akamuuliza.

"Hakuna."

"Hakuna hata kimoja?"

"Mashine zipo. Pasi zipo. Vitambaa vya wateja vipo, na vingine vina thamani kunishinda mimi. Ndiyo maana namwambia huyu Sajini wako, aliyeingia humu hakuja kuiba. Alikuja kutafuta."

"Kutafuta nini?"

"Hati ya kiwanja cha marehemu mume wangu. Shemeji yangu anakinyemelea tangu siku ya mazishi. Amemtumia mlinzi wangu, na mlinzi mwenyewe mnaye huko ndani."

"Hati ilikuwa humu?"

"Hati haijawahi kukaa humu. Lakini yeye angejuaje?"

Ilikuwa hoja nzuri, na Sajini akaitikia kwa kichwa. Inspekta hakuitikia. Alikuwa anamtazama Fundi, ambaye macho yake yalikuwa mekundu zaidi ya yanavyokuwa macho ya mtu ambaye hakuibiwa chochote.

"Nieleze ulivyomkuta mlinzi."

"Amekaa pale pale mlangoni, kwenye kigoda chake, funguo zote mkononi. Mlango uko wazi nyuma yake. Nikamwuliza, Mzee Funguo, kuna nini? Nikaingia, nikaona haya, nikatoka. Nikataka kuufunga mlango nikawaite nyinyi. Akanishika mkono." Fundi akakigusa kimto chake cha pini. "Mzee yule yuko hapa tangu mume wangu yuko hai. Salamu ananipa kwa mbali. Leo ananishika mkono, ananiambia, 'Usifunge, mama. Nakuomba usifunge.' Ndipo nikapiga kelele."

"Yaani hakukimbia."

"Hakukimbia."

"Na aliufungua kwa ufunguo wake, halafu akakaa kuulinda ukiwa wazi."

"Ndivyo nilivyosema."

"Ndivyo ulivyosema," Inspekta akakubali, akavua saa yake, akaitia mkobani. Sajini akashusha pumzi. Saa ikiingia mkobani, alijua chai ya asubuhi hiyo amekwisha ikosa.

Inspekta akaanza kuzunguka chumba polepole, mikono nyuma ili asiguse kitu. Kwenye watoto wa meza, mikasi ilikuwa imelala sawa na mikasi, zipu na zipu. Mtu anayetafuta karatasi huchimbua, na humu hakuna aliyechimbua. Mashine zilikuwa zimetolewa nyuzi kwenye sindano. Kwenye sanamu la kuvalishia nguo kulikuwa na gauni la harusi ambalo halijamalizika, na vifungo vyake vyote vya mgongoni, vidogo kama punje za mtama, vilikuwa vimefunguliwa kimoja kimoja.

"Sajini, mwizi gani anafungua vifungo vya gauni la bibi harusi?"

"Mwizi mwenye matumaini, afande."

Akajizuia asicheke, akaendelea. Ukutani kulikuwa na misumari iliyotundikwa aproni za mafundi, zote za kitambaa kimoja chenye mistari ya buluu, kamba zake zikining'inia zimefunguliwa. Ile ya msumari wa mwisho ilikuwa na kamba moja tu. Upande wa pili palikuwa na kipande kilichokatwa kwa mkasi, na nyuzi za pale zilikuwa zimekwisha kuchakaa na kushika vumbi. Halikuwa jambo la jana.

"Hii ni ya nani?"

"Ya mtu aliyeacha kazi," Fundi akajibu upesi mno.

Kona ya pasi ndiyo iliyomsimamisha. Ukuta wa pale ulikuwa wa rangi ya kijani iliyofifia, na juu yake palikuwa na alama nyeupe za viganja viwili, vidole vimetanuliwa, usawa wa kifua. Chaki ya fundi. Pembeni yake viganja vingine viwili, na vingine tena, vilevile viwili viwili, kama mtu aliyeuegemea ukuta, akapumzika, akauegemea tena. Sakafuni chini ya alama hizo kulikuwa na kidimbwi kilichoanza kukauka.

"Hayo maji ya pasi," Fundi akasema. "Wamemwaga."

Inspekta akapiga magoti. Hayakuwa maji ya pasi. Mwanamke aliyezaa watoto watatu hahitaji maabara kwa jambo hilo. Chini ya meza ya pasi akaokota kwa leso pedi ya bega, ile ya sponji inayoshonwa ndani ya koti. Ilikuwa na alama za meno pande zote mbili.

Akasimama, akauliza kwa sauti ileile ya awali. "Una watoto, dada?"

"Mmoja. Wa kike. Ameolewa, hayuko tena kwangu."

"Mna mawasiliano?"

"Afande, hayo yanahusiana vipi na kiwanja changu?"

"Pengine hayahusiani," Inspekta akasema. "Sajini, weka mtu mlangoni. Asiruhusiwe yeyote kufunga kitu chochote humu. Wala dirisha, wala kopo. Hata hilo gauni lisifungwe kifungo."

*

Shemeji mtu hakuhitaji kutafutwa. Alikuwa nje kwenye umati, amekunja mikono, anafurahia. Alikuwa mpiga chapa, na vidole vyake vilikuwa bado na wino wa zamu ya usiku. Wenzake watatu waliokuwa naye mtamboni walikuwa wamesimama hapo hapo pembeni yake na wote walisema jambo lilelile kabla ya kuulizwa.

"Kiwanja?" akasema. "Mimi nilishajitoa kwenye ugomvi ule. Hata yeye anajua, ila ananihitaji niwe mbaya, mambo yakimchachia apate wa kumtupia. Na kwani kuna nini pale? Marehemu kaka yangu alianza kumjengea binti yake nyumba, akafa imefika kwenye paa. Haina mlango, haina dirisha. Mbuzi wanaingia na kutoka wanavyotaka. Nani atatuma mwizi kwa ajili ya nyumba ya mbuzi?"

Inspekta akamshukuru. Ndani ya gari, Sajini akasema kwamba njia ya shemeji imefungwa, na sasa hajui wanakwenda wapi.

"Tunakwenda kwa mlinzi. Wewe unapita kwake anapolala, na kwa mkwe wa huyu Fundi. Ujue anafanya kazi gani na mkewe yuko wapi. Lakini kwanza niambie, mkeo alipokuwa na uchungu wa mtoto wenu wa kwanza, mama yako alifanya nini?"

Sajini akafikiri. "Alinivua viatu."

"Kwa nini?"

"Alisema kamba zimefungwa. Akafungua na masanduku, na mlango wa banda la kuku. Kuku wakapotea wawili." Mkono wake uliokuwa unawasha gari ukasimama. "Afande."

"Mama mkwe wangu alinifumua nywele zote nikiwa napiga kelele," Inspekta akasema. "Nikamtukana. Mungu anisamehe. Panapokuwa na mzazi, chochote kilichofungwa kinafunguliwa, ili na njia ya mtoto ifunguke. Wewe na mimi tunaweza kusema ni mambo ya kale. Lakini jana usiku kuna mwanamke alisimama kwenye ukuta ule, chupa ikampasukia pale, na mtu akawa anamfungulia kila kitu. Walianza na mlango. Wakaja makabati. Wakaja majora. Wakafika kwenye makopo ya vifungo, wakafika kwenye sindano. Unaelewa maana yake?"

"Walifungua vyote."

"Walifungua vyote na mtoto hakuja. Mtu anayefungua kopo la vifungo amekwisha kukata tamaa. Washa gari."

*

Mzee Funguo alikuwa amekaa kwenye sakafu ya mahabusu. Shati lake lilikuwa limefunguliwa vifungo vyote, na viatu vyake vilikuwa bila kamba.

"Kamba tulimwachia atoe mwenyewe," askari wa zamu akaeleza. "Mkanda pia. Sijawahi kuona mahabusu anayetoa mkanda kwa furaha namna hiyo. Halafu akaomba na pingu tumfungue. Nikamwambia, mzee, hilo kila mtu anaomba."

"Mfungue."

"Afande?"

"Pingu mfungue, na huu mlango uache wazi. Akikimbia nitamkimbiza mimi."

Akaingia, akakaa chini sakafuni mkabala naye. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Alikuwa mtu mkubwa wa mifupa, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko yeye. Akauliza swali lake kabla ya kuulizwa. "Ule mlango wa karakana. Wameufunga?"

"Nimekataza. Nimeweka askari, uko wazi, na kila kitu kiko wazi kama ulivyokiacha."

Mzee akafumba macho. Midomo yake ikacheza bila sauti. Inspekta akangoja amalize.

"Sikuulizi nani aliiba, mzee, maana hakuna aliyeiba. Nakuuliza, binti ameshajifungua?"

Kwanza alimtazama kama mtu aliyechunguliwa dirishani. Kisha uso wake mkubwa ukakunjamana, naye akaufunika kwa viganja.

"Sijui," akasema. "Sijui, mwanangu. Nimekaa hapa sijui."

"Yuko wapi?"

"Aliniapisha."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nimeshakwenda kwa mama yake mara tatu kumwombea. Mara tatu. Nikamwambia mama, mtoto ana mimba, analia, yaishe. Akasema, aje mwenyewe. Nikaenda kwa mtoto. Akasema, siendi, kwani nimekosa nini? Mtoto wa nyoka ni nyoka, wote wawili shingo ngumu. Jana uchungu ukamshika tangu mchana, na mtoto hashuki. Ndipo akaja usiku na mumewe, akaniambia, Babu, nifungulie, nikalitafute mwenyewe. Usinipeleke kwa mama. Ukinipeleka nakufa njiani."

"Alitafute nini?"

Mzee Funguo akaisugua mikono yake pale pingu zilipokuwa. "Vilivyokuwa mle nimefungua vyote. Kimebaki kimoja, na hicho hakikuwa mle."

"Kiko wapi?"

"Muulize aliyekifunga."

Inspekta alikuwa amekwisha simama. Askari wa zamu aliapa baadaye kwamba hakuwahi kumwona akikimbia kabla ya siku hiyo.

*

Sajini alimkuta Inspekta mlangoni mwa karakana, anahema. Kwa mlinzi hakuna mtu. Mkwe wa Fundi ni mchomeleaji, mtengeneza mageti na milango ya chuma, amepanga chumba kwenye nyumba yenye vyumba vingi, na huko pia hakuna mtu.

"Lakini afande, mlango wa chumba chao ameung'oa. Ameutoa na bawaba zake, ameuegemeza ukutani. Majirani wanasema aligombana nao jana akitaka wote wafungue milango yao usiku kucha, wakamwambia amerukwa na akili. Akampakia mkewe kwenye mkokoteni wake wa kubebea mageti, wakaondoka."

"Ameondoka kwa sababu hakuweza kufungua milango ya watu," Inspekta akasema. "Piga simu zahanati, waambie tunampitia mkunga."

Akaingia ndani. Fundi alikuwa amekaa kwenye mashine ya mwisho, ile iliyokuwa chini ya aproni yenye kamba moja. Hakuwa anafanya kitu. Inspekta akaishusha aproni msumarini, akaiweka juu ya mashine, kisha akamshika Fundi mkono wa kushoto, taratibu, kama anayempima mapigo ya moyo. Utepe wa kimto cha pini ulikuwa wa mistari ya buluu. Akausogeza mkono ule pembeni ya aproni. Hata kipofu angeuona.

"Hii ilikuwa ya binti yako."

Fundi akaivuta aproni magotini.

"Dada, mficha uchi hazai, na wewe unayeficha siye unayezaa. Binti yako ana uchungu tangu jana mchana. Alikuwa humu. Yale yaliyo pale chini siyo maji ya pasi, na nadhani ulijua tangu asubuhi."

"Sikujua." Kisha akasema, "Nilikataa kujua."

"Nieleze haraka."

"Alikuwa mkono wangu wa kulia. Nilimfundisha kukata akiwa hafikii meza, anapanda juu ya kigoda. Hii karakana ilikuwa yake. Akaja kuniambia anaolewa na mchoma vyuma, na ataacha kazi, wanataka kuanza maisha yao. Yao. Nilikuwa na mkasi mkononi. Nikakata kamba ya aproni yake, nikapiga fundo mbele yake, nikamwambia, hutazaa mpaka nilifungue mimi. Mzee Funguo alikuwa amesimama pale. Alinitazama kama nimemwaga damu."

"Ulitaka asizae?"

"Afande, mimi ni mama yake. Nilitaka arudi." Sasa alikuwa analia waziwazi, bila kujifuta. "Nilijua akishika mimba ataogopa, atakuja kuniomba nilifungue, nami nitalifungua, tutakunywa chai, yaishe. Nikalivaa mkononi ili siku akija nisihangaike kulitafuta. Hakuja. Kila asubuhi naamka nasema leo atakuja. Na mimi mguu wangu ukawa mzito kwenda."

Sajini aliyesimama mlangoni aligeuza uso, akawa anachunguza barabara.

"Utalia kwenye gari," Inspekta akasema, na hakusema kwa ubaya. "Fikiri na mimi. Mkweo anaogopa chochote kilichofungwa. Hospitali ina milango na makufuli. Chumba chake kimezungukwa na milango ya watu. Ana mkokoteni tu, hawezi kufika mbali. Ungekuwa wewe, ungempeleka wapi mkeo, mahali ambapo hakuna hata komeo?"

Fundi akasimama. Aproni ikaanguka.

"Kwa baba yake," akasema. "Kwenye ile nyumba."

*

Nyumba ilikuwa kuta tupu za matofali chini ya mabati mapya. Mbuzi walikuwa wametolewa nje na walikuwa wanalalamika. Mkokoteni umeegeshwa kwenye pengo la mlango. Kijana wa mikono iliyojaa makovu ya cheche alisimama mbele yake ameshika nondo, na alipomwona Sajini akaiinua.

"Shusha hiyo, baba," mkunga akamwambia, akampita kana kwamba ni pazia. Alikuwa mama mnene mwenye mkoba wa kijani, na hakuwa na muda wa wanaume wenye nondo.

Binti alikuwa kwenye chumba cha ndani, ameegemea ukuta kwa viganja viwili, nywele zimefumuliwa zote. Chaki bado ilikuwa vidoleni. Mkunga akamlaza juu ya mkeka, akampima, akaweka kifaa chake tumboni, akasikiliza kwa muda mrefu.

"Mtoto yuko hai," akasema. "Amechoka, na mama amechoka zaidi yake. Hapa hatutazaa. Twende hospitali sasa hivi, siyo baadaye."

"Siendi," binti akasema. Sauti ilikuwa imemkauka. "Nikienda nimefungwa hivi, watanipasua na mtoto hatatoka. Siendi."

"Mwanangu, wewe ni mtu mzima..." mkunga akaanza.

"Niacheni."

Fundi alikuwa amesimama kwenye pengo la mlango. Safari nzima alikuwa anahangaika na utepe, na sasa alikuwa ameuvua mkononi pamoja na kimto chake na pini zake. Akapiga magoti juu ya kokoto, mbele ya mwanawe. Hawakusalimiana.

"Limekaza," akasema. "Nimejaribu kwenye gari. Limekaza, mama. Nimelivaa muda mrefu, limeingia maji na sabuni." Mkono wake ukaenda mfukoni kwa mazoea ya miaka, ukatoka na mkasi.

"Usikate." Binti akamshika mkono. "Usikate, mama. Lifungue."

Inspekta aliona uso wa mkunga ukijiandaa kusema jambo la kitaalamu, akamgusa bega. Mkunga akabaki kusikiliza tumbo.

Fundi akaweka mkasi chini. Akachomoa pini kwenye kimto. Vidole vilivyoshona magauni ya nusu ya mji vilikuwa vinababaika kama vya mwanagenzi, na pini ikamchoma, akaichomeka tena. Uchungu ukaja, binti akauma meno, akamkamata mama yake paja, akamkamata hasa, na Fundi hakusogea wala hakuacha kazi. Akalichokoa fundo, akaliinamia, akalitia mate, akaling'ata pembeni. Kijana wa nondo alikuwa amekwisha kaa chini, analia kama mtoto. Kisha utepe ukaanza kulegea, kidogo, zaidi kidogo, na ghafla ukawa kitambaa tu, kirefu, kilichokunjamana katikati.

Akakinyoosha juu ya paja lake kwa kiganja, kama anavyonyoosha kitambaa chochote kabla ya kukikata, akampa mwanawe mkononi.

"Halipo," akasema. "Nisamehe. Nilikuwa nataka urudi."

Binti akakitazama kitambaa. "Ungesema tu njoo," akasema.

"Ningesema."

"Sasa mtasemezana kwenye gari," mkunga akaingilia, "au kuna jingine mmelificha mahali?"

Binti akatikisa kichwa. Akanyoosha mikono yote miwili ainuliwe. Mama yake akamshika upande mmoja, mumewe upande wa pili, na Sajini, bila kuambiwa, akainama njiani kufungua kamba za viatu vyake.

*

Alasiri, Inspekta alirudi kituoni. Mlango wa mahabusu ulikuwa bado wazi, na Mzee Funguo alikuwa amekaa palepale, ndani ya kizingiti, kama mtu aliyeahidi.

"Msichana," akamwambia. "Walifika hospitali, daktari akamsaidia, ametoka analia kwa sauti ya bibi yake. Mama yake mzima. Amelala. Bibi amekaa pembeni, amekatazwa kuzungumza na amezungumza bila kunyamaza."

Mzee akainamisha kichwa. Mabega yakamtikisika kwa muda, na Inspekta akajishughulisha na mkoba wake, akaitafuta saa yake, akaivaa. Alipoinua macho, mzee alikuwa anafunga vifungo vya shati, kimoja kimoja, kuanzia chini.

"Basi naweza kwenda kufunga?" akauliza. "Vitambaa vya watu viko wazi tangu usiku. Vitaingia vumbi."

"Nenda kafunge."

Akachukua funguo zake mezani, akaomba radhi kwa usumbufu, akatoka. Viatu vyake bado havikuwa na kamba, na alikwenda akiviburuta.

Sajini alikuwa kwenye meza ya maelezo, kalamu mkononi, amekodolea macho karatasi ileile ya asubuhi. "Wizi wa kuvunja" ulikuwa umeshafutwa. Mahali pake palikuwa patupu.

"Afande, mwenye karakana amefuta malalamiko. Lakini lazima niandike kitu. Mtu amekutwa asubuhi kwenye jengo la watu, amefungua kila kilichomo, amemzuia mwenyewe kuufunga mlango. Niandike alikuwa anafanya nini?"

Inspekta akasogea dirishani. Huko chini barabarani mzee alikuwa anavuka, ameinua mkono kusimamisha baiskeli, funguo zikilia kiunoni.

"Andika ukweli," akasema. "Mlinzi alikutwa kazini."